Kidole cha Mama Odessa

Odessa Pettway alikuwa mhudumu wa mlangoni kanisani kwao, huko Milwaukee, Marekani, mwaka wa thelathini na moja sasa. Glovu nyeupe, uso mkavu, na jicho la kumtemesha mtu peremende bila kuambiwa. Katika makanisa ya Weusi ya mji huo, anayetoka katikati ya ibada huinua kidole cha shahada (si kile kingine unachokiwaza wewe), akainama kidogo, akapita. Ni kuomba radhi. Hakuna anayefundishwa, watoto huokota tu kwa kuwatazama wakubwa.

Basi Jumanne moja mjukuu wake Janelle, wa miaka kumi na mitatu, akabanwa na haja darasani. Akainua kidole, akainama, akatoka. Mwalimu, Mzungu mgeni aliyependa kujaza fomu kuliko kuuliza, akaandika: "Ukaidi na ishara ya vitisho." Fomu ikaenda polisi, polisi wakaipeleka mahakama ya watoto. Kwa kwenda chooni! Jumatatu mtoto angesomewa mashtaka.

Odessa alitukana mpaka akakumbuka kuwa ni mtu wa kanisa. Alhamisi akaenda kwenye Ushirika, mkutano wa kila mwezi ambapo shule, polisi, mahakama na wazazi walijadili namna ya kuwaepusha watoto Weusi na jela. Yeye ndiye aliyekuwa "sauti ya jamii". Kwa miaka miwili sauti hiyo ilikuwa imekula biskuti na kubandika vikaratasi vya njano ukutani.

"Leo tuandike ndoto zetu," alisema mwenyekiti, Bwana Lindquist, Mzungu wa ofisi ya shule.

"Yangu ni fupi. Mjukuu wangu aende kukojoa, asirudi na kesi."

"Inasikitisha kweli, Mama Odessa. Tutaiweka kwenye ajenda ya mwezi ujao."

"Mwezi ujao! Baba, kesi ni Jumatatu!"

Lindquist akamsogezea kalamu. Odessa akaona huu ni upuuzi. Akachukua mkoba, akainua kidole, akainama, akaelekea mlangoni. Sajini Tolliver wa polisi, Mweusi mwenzake, akakunja miguu kumpisha. Wazazi wawili nao wakakunja.

"Ndiyo, Mama Odessa? Una swali?" akauliza Lindquist.

Renita Whitlow, mama Mweusi ambaye mahakamani ndiye aliyepokea fomu zote na kuamua ipi iwe kesi, akaangua kicheko. "Swali gani, wewe? Anaomba radhi, anatoka! Hata mimi Jumapili nil..."

Kicheko kikamkauka. Akapekua mafaili yake, akatoa fomu ya Janelle, akaisoma upya, safari hii polepole.

"Ishara ya vitisho," alisema. "Nimeipokea kwa mkono wangu, Dada Odessa. Sikuuliza mtoto alifanya nini." Akaichana katikati. "Hii imekufa. Na kuanzia leo, fomu isiyosema mtoto kafanya nini hasa, siipokei. Lindquist, andika hilo kwenye kikaratasi chako."

Lindquist akaandika. Odessa akashusha pumzi aliyoibeba tangu Jumanne. Akashika kitasa. Angeweza kwenda zake. Lakini jicho lake la mlangoni lilishaona unene wa lile faili.

"Renita. Za namna hiyo ziko ngapi humo?"

Renita hakuinua uso. "Za mwaka huu tu, sitini na kitu."

Odessa akarudi, akavua koti, akaketi.

"Leta zote hapa," alisema. "Na mtu anisogezee hizo biskuti."