Kibao cha Pili

Laini yetu ya kushona suruali, kiwandani Athi River, ilikuwa na kibao kimoja cha choo. Kipande cha plaiwudi chenye kamba, kimetundikwa msumarini karibu na meza ya supavaisa. Bila kukivaa shingoni, mlinzi wa mlango wa choo hakupitishi. Tulikuwa wanawake thelathini. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Jirani yangu wa cherehani alikuwa na mimba ya miezi mitano. Aliificha chini ya ovaroli kubwa, kwa sababu vibarua wenye mimba hawakuitwa tena kazini. Nilimpenda sana yule dada. Alinichekesha mpaka nikakosea mishono. Sasa alikuwa anabana mkojo tangu asubuhi hadi saa ya chakula, jasho linamtoka. Kuomba kibao kila mara kungemfichua, na kubana hivyo niliogopa kutamharibia mimba.

Nikapata akili. Baba yangu alikuwa mchongaji Wamunyu. Jumapili nikampelekea vipimo, nikamwambia anitengenezee kibao kama kile, kibaya kibaya tu, jirani yangu akifiche mfukoni. Baba aliposikia ni cha kuombea ruhusa ya kwenda haja, aliacha kuchonga.

"Watu wazima?" akauliza.

Wiki iliyofuata akanikabidhi kibao cha mti wa muhugu, kimepigwa msasa kikang'aa, na pembeni kichwa cha twiga.

"Baba, nilisema kibaya!"

"Kitu kibaya hakitoki hapa kwangu."

Mzee wangu huyo! Ningemfanya nini?

Kilitusaidia siku tisa. Siku ya kumi supavaisa, mama wa makamo kutoka Kangundo ambaye tulimwogopa kuliko mwenye kiwanda, akakutana na jirani yangu akirudi kutoka chooni. Akakishika kibao pale pale shingoni, akampapasa twiga kwa kidole gumba. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Hii imetoka wapi?"

Niliinuka niseme ni mimi. Jirani yangu akanitangulia.

"Ni yangu, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Niko na mimba. Niliogopa utanifuta kazi."

Supavaisa, kibao bado mkononi, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu.

"Mimi pia nilificha yangu, kwa hii laini. Nilibana, nikabana. Ikatoka."

Akamvua kile kibao polepole, akakiweka mezani.

"Hakuna mtu anakufuta. Ukisikia haja, inuka uende. Mtu akiuliza, mwambie aniulize mimi."

Jirani yangu alikuwa analia tu. Mimi pia nililia, sioni aibu kusema.

"Anacheza?" supavaisa akauliza.

"Anacheza, mwaitu. Hata saa hii."

Yule mama akaweka kiganja juu ya ovaroli, mbele yetu sote, akakiacha hapo.