Sadaka ya Binti Mchunga Mawingu

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuja kwetu Kilosa kutoka Mikumi na kitabu kisicho na jalada. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni, na kitabu alikikuta chini ya kitanda cha mgeni aliyekwisha kuondoka. Karatasi za mwisho zilikuwa zimeachia gundi, zimechomekwa tu. Dada amemaliza kidato cha nne. Mimi niliishia darasa la saba, na nikisoma kidole changu kinafuata mstari.

Ulikuwa msimu wa kupukuchua mahindi. Kila baada ya alasiri mama na mimi tulikaa barazani, gunia katikati yetu, vidole gumba vinawaka moto. Dada alipukuchua mahindi mawili akachoka.

"Mama mdogo, mimi nitawasomea, nyie pukuchueni."

"Mvivu hakosi akili," mama akasema, akacheka, akamruhusu.

Hadithi ilikuwa ya msichana mmoja katika nchi ya milima mirefu, kazi yake kuchunga mawingu. Asubuhi anayatoa zizini kwa fimbo, anayapeleka juu ya vilele, jioni anayarudisha. Watu wa kijijini hawajui, maana msichana huyo hasemi. Wanamwona zuzu. Mvua ikinyesha, wanakwenda kumshukuru mfalme.

Nilijua mama atacheka. Ni mtu ambaye hata jirani akisimulia habari za majini anamwambia aende akapike. Lakini siku ya tatu, pale wanakijiji walipomfukuza yule msichana kwa mawe, niliinua uso nikaona mama ameacha kupukuchua. Gunzi limo mkononi. Machozi yanashuka na hayafuti.

"Mtoto wa watu," alisema. "Na baridi yote ile ya huko juu."

Nilijaribu kukumbuka ni lini mama aliwahi kulia kwa ajili yangu. Alilia siku ya kumzika bibi. Alilia kaka alipoondoka nyumbani. Matokeo ya darasa la saba yalipotoka na jina langu halimo, alisema, "Basi, jembe lipo," akatangulia shambani. Na mimi pia sisemi. Wageni wakija natoa shikamoo naingia jikoni. Kwa yule wa kitabuni ukimya ulikuwa uchungu. Kwangu mimi unaitwa kiburi.

Jioni ile, mama alipomaliza kuswali, nilikuwa nyuma ya pazia nakunja nguo. Aliwaombea marehemu, akamwombea kaka, kisha nikasikia: "Na yule binti wa mawingu, Mola, umhifadhi."

Dada naye alisikia. Akaangua kicheko. "Mama mdogo! Unamwombea mtu wa kwenye karatasi?"

"Mungu hashindwi na karatasi," mama akajibu, akakunja msala.

Nilisubiri nisikie kama nami nimo. Dua ilikuwa imekwisha.

Dada aliitwa kazini kabla hajamaliza kitabu. Alituachia, hadithi imesimama pale wingu jeusi lilipommeza msichana na fimbo yake. Gari lake halijatoka hata nje ya mji, mama akanisogezea kitabu.

"Haya, nisomee wewe."

Niliona haya. Niliona pia jinsi macho yake yanavyokitazama kile kitabu. Nikasema, "Karatasi za mwisho hazipo, mama. Zitakuwa zimedondoka." Zilikuwa chini ya godoro langu. Nilikuwa nimeziweka huko asubuhi, wakati dada anafunga begi. Nilitaka yule msichana abaki ndani ya wingu lake, atuache.

Mama akawa mtu wa mawazo. Akipita na ndoo anatazama juu. Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, alikaanga vitumbua sinia zima akawagawia watoto wa jirani. Jirani yetu, mama mmoja ambaye ukoo wake na wetu ni watani, akauliza kwa sauti ya mtaa mzima:

"Leo kuna nini? Au umepata mume?"

"Ni sadaka. Kuna mtoto yuko kwenye matatizo."

"Mtoto gani?"

"Basi tu. Mtoto asiyesema."

Kosa likafanyika hapo. Mtoto asiyesema katika mtaa wetu wa Magomeni ni nani kama si mimi? Kesho yake, kisimani, yule jirani alinishika mkono. "Pole, mwanangu. Niambie ukweli, ni mimba? Na kijana mwenyewe ni yule wa duka la simu?" Wenzake wakaweka ndoo chini ili wasikie vizuri.

Nilirudi na ndoo nusu. Mama alikuwa barazani na mahindi yake. Kwa mara ya kwanza maishani nilimpandishia sauti.

"Vitumbua ni vya yule, aibu ni yangu! Mimi nilipougua malaria ulinitolea sadaka gani?"

Akaweka gunzi chini. Kisha akasema taratibu, "Uliniambia unaumwa? Nilikukuta siku ya tatu huwezi kusimama. Yule mtoto najua kinachomuuma tangu asubuhi, kitabu kinaniambia. Wewe nimekuzaa, nakupikia, unapita mbele yangu kila siku. Unawaza nini? Nani ataniambia?"

Niliingia ndani, nikainua godoro, nikatoka na zile karatasi. Alizitazama, akanitazama.

"Nilizificha," nikasema. "Nilimwonea wivu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia kitu kilichomo ndani yangu kabla hajakikuta mwenyewe. Nilisubiri kofi au hata machozi. Mama akasukuma gunia pembeni, akapangusa mkeka.

"Soma kwanza. Tutagombana baadaye."

Nikasoma. Kidole kikafuata mstari. Nilijikwaa, nikarudi nyuma, nikajikwaa tena, na mama hakuniharakisha. Aliinama kwangu, akitazama mdomo wangu, akisubiri kila neno kama mtu anayekinga maji ya bomba yanayotoka kidogo kidogo. Sikumbuki kama aliwahi kunitazama hivyo.

Najua alikuwa anamsubiri yule mwingine atoke kwenye wingu. Hata leo, nikikumbuka, wivu haujaisha wote. Msichana alikuwa anatoka chini kabisa ya karatasi ya mwisho, nilishaona mstari wenyewe. Kwa hiyo nikasoma polepole kuliko kawaida yangu.