Suruali ya Mpiga Besi

Mpiga besi wetu, baba wa watoto wanne asiyemwogopa hata mama mkwe, alikuja mazoezini akinyata kando ya ukuta. Katika bendi yetu, anayejiunga na bendi nyingine huvuliwa suruali ya sare papo hapo, wenzake wakitazama, na hairudi tena. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imepiga wimbo aliorekodi na shemeji yake kinyozi, na mtangazaji akawaita "bendi mpya".

"Ulikuwa wimbo mmoja tu, mzee," alimwambia kiongozi. "Wimbo mmoja si bendi."

"Na mke wa siku moja si mke?"

Mpiga besi akaushika mkanda wa suruali yake kwa mikono miwili.

Mpiga tarumbeta akamhurumia. "Bendi ni ugomvi, mzee. Muulize kama waligombana."

"Hatujawahi," mpiga besi akadakia.

Kiongozi akakuna kidevu. "Kama hamjagombana, basi si bendi. Haya, chukua gitaa."

Kabla hajalifikia, shemeji akausukuma mlango, kitana bado mkononi.

"Wewe bwana, kwa nini redioni jina lako limetajwa kabla ya langu?"

Mpiga besi akaanza kufungua mkanda.