Nilivyomwigiza Mjomba

Darasani tulikuwa wasichana watatu, waliobaki wote wavulana. Majina yao ninayo hadi leo, mmoja mmoja, lakini siyaandiki. Wengi wamekwisha kwenda, na mtu aliyekwenda sipendi kumwita bila shughuli naye.

Shule ilikuwa Kimamba, karibu na korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, hata mwalimu akitusomea imla ilibidi apaze sauti. Mwalimu alitoka Unyamwezi, kijana bado, na alipenda michezo ya kuigiza kuliko hesabu. Alisema mtu haigizwi kwa kupiga makelele. "Kwanza tazameni anavyopumua. Halafu miguu yake. Sauti itakuja yenyewe, kama mbwa anavyomfuata mwenye nyama." Akatupa kazi: kila mmoja achague mtu mzima wa kwao, amtazame mpaka siku ya kuwaonyesha wazazi.

Mimi nilimchagua mjomba, mtoto wa pekee wa kiume wa bibi. Tuliishi nyumba moja, yeye, bibi, mama na mimi. Alifanya kazi kwenye korona na vumbi la mkonge lilikuwa limemkaa kifuani, kwa hiyo alipumua kwa mafungu, mawili mafupi, moja refu. Jioni akirudi hakubisha hodi. Alikung'uta mguu wa kushoto mara mbili kizingitini, akakohoa, akasema, "Mama wee, mmenibakizia?" Bibi humjibu kutoka ndani, "Wewe nani? Chakula cha watu kimeisha!" Ndipo aingie anacheka. Kila siku hivyo hivyo, na kila siku wanacheka.

Alijua namtazama. "Mpwa wangu, mbona unanikodolea macho kama nyapara anayetafuta mtoro?"

"Mwalimu kasema."

"Basi nitazame vizuri. Usije ukanifanya kibogoyo mbele za watu."

Masika akapata homa. Lori la shamba likampeleka hospitali Kilosa. Huku nyuma mto Mkondoa ukafurika, maji yakala tuta la reli, pakawa hapapitiki kwa gari moshi wala kwa miguu. Habari ilipotufikia, alikuwa amekwisha kuzikwa kule kule. Mama alilia, majirani walilia, tukakaa matanga. Bibi hakulia. Alikaa katikati ya wanawake macho makavu, akasema, "Uso sikuuona, udongo sikuutia. Kaburi la kuambiwa mimi silijui." Na jioni alimpakulia chakula chake, akakifunika kawa.

Siku ya kuwaonyesha wazazi ilipokaribia, mwalimu aliniita kando. "Una mtu mwingine wa kumwigiza?"

"Sina, mwalimu."

Akafikiri. "Basi mfanye yeye. Itakuwa kumheshimu."

Labda kwao ilikuwa hivyo. Kwetu aliyekufa huachwa kimya mpaka ukoo ukutane na jina lake lipate wa kulirithi. Kabla ya hapo hata kofia yake haivaliwi. Mimi nilikuwa mtoto, nilijua na sikujua. Nyumbani sikusema kitu.

Ilikuwa Jumapili, korona imezimwa, wazazi wamekaa chini uwanjani. Nikajifunga gunia kiunoni kama wafanyakazi wa korona. Nikapumua mawili mafupi, moja refu. Nikakung'uta mguu. Sauti ikaja kama mwalimu alivyosema, wala sikuiita. "Mama wee, mmenibakizia?"

Katikati ya wanawake bibi akajibu, "Wewe nani? Chakula cha watu kimeisha!" Akainuka anacheka, mikono mbele, anakuja kwangu. Mama akamshika kanga. Waliokaa mbali wakapiga makofi, wakidhani ndio mchezo wenyewe.

Kesho yake bibi akanizuia kwenda shule. Zamani aliniita mke mwenza, ule utani wa bibi na mjukuu. Utani ukaisha. Kila jioni alinitoa nje, nami nikung'ute mguu, nikohoe, niseme. Alinijibu, tukacheka, akanipa chakula cha mjomba nile.

"Mama, mtoto anapoteza shule," mama alimwambia.

"Shule ndiyo iliyonirudishia mwanangu. Inataka nini tena?"

Mwalimu alikuja nyumbani. Bibi akampa uji, akamwambia naumwa. Mwalimu akasema atanishikia nafasi mpaka mwezi uishe, zaidi ya hapo hawezi, kuna wanaongoja.

Nilihesabu siku. Lakini si kukosa shule peke yake kulikonitisha. Nilianza kukohoa bila kuambiwa. Kisimani wenzangu walisema, "Mbona unatembea kama mwanamume?" Nikajaribu kutembea kama mimi, nikashindwa kukumbuka mguu upi huanza.

Mwezi ulipobakiza siku mbili, nikasimama nje jioni kama kawaida. Mguu sikuukung'uta. "Hodi," nikasema, kwa sauti yangu, na ilitoka nyembamba hata nikaionea haya.

"Nani?"

"Mimi, bibi. Mjukuu wako."

"Sikukuita wewe. Mlete."

"Siwezi, bibi. Amekufa. Amekufa Kilosa."

Neno hilo lilikuwa halijasemwa mbele yake ndani ya nyumba ile. Kwanza nilisikia kawa ikianguka. Halafu bibi akalia. Majirani walikuja mbio wakiuliza nani amekufa, na mama akawapisha mlangoni. Wanawake wakajifunika kanga, wakakaa upya, kana kwamba habari imefika siku ile. Siku tatu bibi alilia, na mtoto wa nyumba haondoki penye msiba.

Siku ya nne nikaenda shule. Kwenye benchi langu alikaa msichana mwingine. Mwalimu alinitoa nje akasema, "Mwezi umeisha, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya chini, nami nikamwitikia nikageuka.

Bibi alinikuta uani nimeshika kibao changu cha kuandikia. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Wamekukataa?"

"Nafasi imeshikwa."

"Umenizikia mwanangu," akasema, na mpaka anakufa sikujua kama alikuwa ananishukuru au ananilaumu. Akasogea kwenye mkeka, akanivutia ungo wa kunde. Tulimenya mpaka jua likazama, na ilipofika saa ya mjomba ya kurudi kutoka kazini, hakuna kati yetu aliyetazama mlango.