Kijapani cha Binti Yangu

Kanisani kwetu hapa Toronto, ukipanda ndege kwenda popote lazima utoe ushuhuda. Niliporudi kutoka Japani, akina mama wa chai walinizunguka baada ya ibada. "Haya mzee, lete picha!" Nikatoa simu. Nikawaonyesha treni ile ya mwendo wa kasi, hekalu la Kyoto lililopakwa dhahabu, na wale paa wa Nara wanaoinamisha vichwa ili wapewe biskuti. Walicheka, wakasema ati nimenenepa. Kisha mmoja akauliza, "Na binti je? Anarudi lini?" Nikamjibu, "Karibuni tu, Mungu akipenda." Nilidanganya kanisani, kikombe cha chai mkononi, wala sikuona haya.

Sikwenda Japani kutalii. Mimi na kutalii wapi na wapi! Miaka ishirini na minane niliendesha foklifti kwenye maghala ya Brampton, na likizo yangu ilikuwa kulala. Nilikwenda kumrudisha mtoto wangu. Ndiye huyo mmoja niliyenaye. Mama yake alifariki, na wiki sita baada ya mazishi binti akafunga mizigo akaenda kufundisha Kiingereza katika mji mdogo uitwao Onomichi. Miaka mitatu hakukanyaga nyumbani. Simu alipiga kila Jumapili, dakika kumi, tuzungumzie theluji na presha yangu, basi. Nilibaki kwenye nyumba ya vyumba vitatu naongea na friji. Mwishowe nikasema potelea mbali, namfuata huko huko.

Alinipokea uwanja wa ndege wa Osaka. Alikuwa amekonda na amekata nywele zote. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, akanichukulia sanduku, halafu akamgeukia mzee wa dirisha la tiketi. Ala! Kijapani kikamtoka mdomoni kama maji. Wala si kile cha kuombea njia. Kilikuwa cha kubishana na cha utani, na yule mzee alicheka mpaka akashika meza. Nilisimama pale na koti langu la baridi, kitu kikanichoma kifuani, nikajua ni wivu. Miaka mitatu tu! Mtoto huyu aliishi nyumbani kwangu miaka ishirini na minne, wala sikumbuki mara ya mwisho aliyonijibu Kiswahili.

Siku nne za kwanza alinitembeza. Osaka tulikula madonge ya unga yenye pweza ndani, ya moto hata nikaungua kaakaa, na watu wamesimama kando ya barabara wakila kimya kimya. Kyoto nilivua viatu mara nyingi hadi nikaanza kutembea na kamba hazijafungwa. Kwenye nyumba ya wageni kulikuwa na ndara za chooni, ambazo ni za chooni tu. Mimi nitajuaje? Nikatoka nazo hadi sebuleni, watu wakaacha kula. Binti yangu akainuka upesi, akainama mara mbili, akaniombea msamaha kwa maneno mengi. Wakacheka kwa upole, mzee akasamehewa.

Nchi ile ni nzuri, nisiseme uongo. Milima imefunikwa misitu mpaka chini, nyumba zimebanana penye tambarare, na kila kituo cha treni kina mtu anayekipenda kama shamba lake. Lakini nilichoka kuwa bubu. Menyu siisomi na bango silielewi. Mtu akinisemesha, namtazama mwanangu. Yeye ndiye aliyeniagizia chakula na kuniambia lini niseme asante. Nikikaa kwenye kiti cha treni huku wanaongea juu ya kichwa changu, nilikuwa najua wananizungumzia, na siwezi kutia neno. Siku ya tatu nilikasirika, nikamwambia sitaki tena kwenda popote. Aliniangalia, na mimi nikaangalia dirishani.

Nilijua anachofikiri. Au nilidhani najua. Maana kosa la yeye kutosema Kiswahili ni langu, na afadhali niliseme hapa kuliko kulizunguka.

Alipokuwa na miaka mitano mwalimu wake alituita. Alisema mtoto anachanganya lugha, labda tumsaidie kidogo nyumbani. Hakusema zaidi ya hapo. Yaliyobaki niliyaongeza mimi. Nilisoma shule ya msingi upande wa Kakamega, na shuleni kwetu kulikuwa na kibao kikiitwa monto. Ukisikika unasema lugha ya kwenu, unavishwa shingoni, unatembea nacho mpaka umnase mwenzako umpokeze. Aliyekuwa nacho jioni alichapwa. Nilikichukia kibao kile kuliko kitu chochote duniani. Na bado, jamani, nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu timamu, nilichukua kifuniko cha mkebe wa kahawa, nikakitoboa, nikatia kamba ya kiatu, nikamvisha mwanangu kila alipotoa neno la Kiswahili. Sikumchapa. Niliona hapo nimefanya wema. Lakini alikuwa mtoto wa pekee, hakuwa na ndugu wa kumpokeza. Kwa hiyo akikivaa wakati wa chakula, alikaa nacho mpaka kulala.

Mke wangu alikuwa mzaliwa wa Frere Town, Mombasa. Kiswahili ndicho alichonyonya, hakuwa na lugha nyingine ya kwao kama mimi. Aligomba hasa. "Bwana wee, sasa mimi nitasema na mwanangu kwa lugha gani?" Nikamwambia, kwa Kiingereza, kwani huna? Alikuwa nacho. Wakasema Kiingereza, mama na mwana, jikoni, garini, simuni. Mtoto alipofika darasa la pili kifuniko hakikuwa na kazi tena. Nikakitupa, nikajipongeza.

Kisha kiharusi kikampiga mke wangu. Kilichukua mkono wa kulia na Kiingereza chote. Daktari alitueleza kwamba hutokea hivyo, lugha uliyojifunza ukubwani huweza kuondoka na ile ya kwanza ikabaki. Wiki tatu hospitalini alisema Kiswahili peke yake, kile cha pwani, kitamu, na wauguzi wakiniita mimi niwatafsirie. Alasiri aliyofariki nilikuwa nimeshuka chini kununua chai. Binti yetu ndiye aliyekuwa naye. Niliporudi alikuwa amekwisha kata roho. Nilimuuliza binti, "Alisema chochote?" Akasema alisema, lakini hakuelewa. Hatukulizungumza tena.

Siku ya tano tukafika Onomichi. Ni mji ulioparamia mlima, ngazi juu ya ngazi, paka wamelala kila kona, na chini kuna mkono mwembamba wa bahari wenye karakana za meli. Binti yangu amepanga chumba cha juu kwa bibi mmoja mjane, mtu wa miaka themanini na kitu, mfupi hata kifuani hanifiki. Nilisimama mlangoni nikapiga hodi kwa sauti kama nilivyofundishwa, na bibi akatoka mbio akidhani kuna moto. Tulicheka sote watatu. Alinipa tunda la rangi ya machungwa, laini, akanitazama mpaka nikalimaliza.

Asubuhi iliyofuata bibi alikuwa anakwenda kwenye kaburi la mumewe, tukamsindikiza. Makaburi yako juu kabisa, mawe yamesimama kwa safu yakiitazama bahari. Kule kwao kaburi huogeshwa. Bibi alikuwa na ndoo na upawa wa mbao. Alisugua jiwe kwa brashi, akalimwagia maji toka juu, akafuta herufi kwa kitambaa, akawasha ubani. Halafu akachutama, akaanza kupiga soga na marehemu. Si sala, soga. Binti yangu alinitafsiria: anamwambia paa linavuja tena, anamwambia jirani ameota jipu, anamwambia leo amemletea mgeni mweusi kutoka Kanada mwenye viatu vikubwa ajabu. Kisha bibi akamvuta binti yangu mkono, naye akachutama kando yake, akamsemesha yule mzee ambaye hakuwahi kumwona. Alisema naye kirefu, kwa sauti ya chini, kama mjukuu.

Nilisimama nyuma yao. Niliwaza kaburi la mke wangu kule nyumbani, nyasi zilizokatwa sawasawa na mashine, na jinsi binti huyu alivyosimama mbele yake mara moja tu, mdomo umefungwa.

Bibi akachukua ndoo, akashuka bombani kuongeza maji. Tukabaki wawili. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Toronto, yakapotea yote. Nikamwambia binti yangu tu, "Mama, twende nyumbani. Nimekuja kukuchukua. Siwezi tena peke yangu."

Aliokota majani makavu juu ya jiwe, moja moja. Alizungumza Kiingereza, kama kawaida. Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Dadi, kwanza nitafsirie kitu. Siku ile mami alikuwa akirudia jambo moja. Mara nne. Sauti zake ninazo kichwani."

"Sema."

Akafumba macho, akasema. Kilikuwa Kiswahili safi, cha Frere Town kabisa, na kile kituo kidogo ambacho mke wangu alikuwa akikiweka kabla ya neno la mwisho. "Sista, nakuomba, niitie mwanangu."

Huko kwetu muuguzi tunamwita sista. Nilielewa palepale. Mke wangu hakuwa amemtambua binti yetu. Alimsikia akisema Kiingereza, akadhani ni mmoja wa wauguzi wa hospitali, na alikuwa akimwomba huyo muuguzi amwitie mtoto wake.

Nilifikiri haraka. Nikajiambia, huyu hajui, na kumwambia ni kumuua. Nikasema, "Alikuwa anakuita. Ati, mwanangu, nakupenda."

Akafumbua macho. Hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika.

"Nilitaka kuona kama utaniambia kweli," akasema. "Naelewa, Dadi. Nilielewa siku zote. Mlipokuwa mkigombana chumbani kwa sababu yangu, nilielewa kila kitu. Kusema tu ndiko sikuweza. Nikitaka kusema, nasikia ile kamba ya kifuniko shingoni."

Niliketi chini, juu ya ukingo wa kaburi la mtu nisiyemjua. Nilitaka kumwambia nisamehe, na neno lenyewe likawa dogo hata kulitamka ni aibu.

"Nilikuwa nimemshika mkono," akaendelea. "Jibu nilikuwa nalo. Ni mimi, mama. Maneno matatu, Dadi, mtoto wa miaka miwili anaweza. Nilijaribu mara nne zote. Mara ya mwisho nikasema kwa Kiingereza, mami, ni mimi, niko hapa. Akanipapasa mkono kwa ule wake mmoja uliokuwa mzima. Akaniambia, asante, sista."

Bibi alitokea kwenye ngazi akihema, ndoo imejaa. Binti yangu akajifuta uso kwa kiganja, akaenda kumpokea, na wote wawili wakaanza kuongea. Mimi sikuelewa hata neno moja.

Sikumwomba tena arudi. Nilikuwa nimebakiza siku tatu Onomichi, na tukazimaliza kwa Kiingereza.