Valvu Mbili Zisizolingana

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunijia hata nikiwa nimeshika bisibisi na akili yote iko kwenye kazi. Ni Jumapili ya bugi, dansi la mchana kweupe, katika ukumbi mmoja wa hapa Sumbawanga, siku tuliyomuua Kristofa. Nasema tulimuua. Watu hawapendi nikitamka hivyo, lakini shule mimi niliishia darasa la nne, na maneno ya kuzungukazunguka sikufundishwa.

Umeniletea amplifaya yako ya valvu, hizi taa za kioo za kukuza sauti, unataka gitaa lingurume. Nitakuchagulia valvu. Lakini kaa kwanza.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mashirika ya umma yalikuwa yakifa moja baada ya jingine, na bendi zao zikifa nayo. Bendi ya shirika moja hapa mjini ilipovunjwa vyombo viliuzwa, na Sikazwe, aliyekuwa mpiga saksafoni wao, akaipata amplifaya kubwa ya gitaa, akaanzisha bendi yake mwenyewe. Mpiga solo akawa Kristofa. Mimi na Kristofa tulikua kitongoji kimoja, tukalimisha maksai pamoja, na ugali wa ulezi wa mama yake niliula kuliko wa mama yangu. Tulipokuja mjini yeye alishika gitaa, mimi nikaenda kujifunza ufundi kwa Mzee Tadei, fundi redio wa Majengo.

Kristofa alikuwa amelewa sahani za santuri za zamani za Zambia, zile ambazo gitaa linakwaruza. Akaniambia, "Mshikaji, nataka langu likwaruze kama jiwe la kusagia. Lakini kila noti isikike, sitaki kelele za debe."

Nikalipeleka neno hilo kwa Mzee Tadei. Mzee hakucheka. Alitoa kopo lake la valvu ndogo, zile zinazokaa mbele na kuikuza sauti ya gitaa kabla haijapewa nguvu. Akawa anachomeka moja, anaigonga kwa penseli polepole, sikio likiwa kwenye spika. "Hii inalia kama kengele," akasema. "Usiiweke mbele, itapiga kelele hata gitaa likiwa limenyamaza." Akaitoa, akachomeka nyingine. Kristofa alitaka zote ziwe kali. Mzee akamtazama juu ya miwani. "Kali juu ya kali utapata uji, kijana. Weka kali mbele, nyuma yake weka mpole wa kuishika mkono." Siku nzima tulikaa pale, tukibadilisha na kusikiliza. Jioni Kristofa alipiga kamba moja tu, mwanangu, na wauza mitumba upande wa pili wa barabara wakasimama. Sauti ilikuwa chafu, na ndani ya uchafu ule uliisikia noti imekaa safi. Sijaisikia tena.

Sasa, nyuma ya amplifaya zilikuwepo valvu mbili kubwa, zile za nguvu, zinazogawana mzigo. Baada ya miezi kadhaa, moja ikafa. Mzee Tadei akasema tungoje, atatafuta mbili zinazolingana, azipime, azifunge pamoja. "Hizi huwezi kununua moja," alisema. Kisha akaitwa msibani Mwimbi, akaondoka.

Sikazwe hakungoja. Bugi lilikuwa limeshatangazwa. Akaenda kwa Gervas, mwenye duka la vifaa pale Majengo, aliyekuwa akiingiza mali kutoka mpakani. Gervas akamuuzia valvu moja ndani ya boksi jipya. Valvu ile ilikuwa kuukuu, imesuguliwa kwa petroli ikang'aa, na haikuwa hata ya aina moja na yetu. Gervas alijua. Namtaja kwa sababu alijua.

Na mimi ndiye niliyeifunga. Ungeniuliza siku ile kwa nini, ningekujibu kwa kujiamini. Kwetu Ufipa maksai mchanga unamfunga nira moja na mzee, mzee amfundishe mstari, na shamba linalimika. Nikaona valvu nazo ni hivyohivyo, ngeni itajifunza kwa mwenyeji. Kuna skrubu ndogo ndani, ya kurekebishia moto wa valvu. Sikuigusa, kwa kuwa sikujua kuipima, na kuuliza niliona haya. Kuuliza si ujinga, tulifundishwa. Mimi nikachagua ujinga.

Jumapili ikafika, ukumbi ukajaa. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, fyuzi ikakatika. Nikaweka nyingine. Ikakatika tena. Nikachungulia nyuma, nikaona bati la ndani ya valvu moja limekuwa jekundu kama kaa la moto. Mzee Tadei alishaniambia, ukiona wekundu huo, zima, nenda nyumbani.

"Kiongozi," nikamwambia Sikazwe, "tuache ipoe."

"Ipoe? Kwani ni chai?"

Wachezaji nao walikuwa wameanza kutuzomea. "Bendi ya Kwaresima hiyo!" mmoja akapaza sauti, "inafunga muziki!" Watu wakacheka. Kristofa mwenyewe akacheka, akaniambia, "Fanya uwezalo, kaka, tusiaibike."

Sikazwe akatoa pakiti ya sigara mfukoni, akachana karatasi yake ya kung'aa, akaizungushia fyuzi iliyokufa, akairudisha. Waya wa ardhi, ule unaoupeleka chini umeme ukiponyoka, alikuwa ameshaukata siku nyingi, ati unaleta mvumo. Nilijua yote hayo. Nilimshikia kifuniko.

Amplifaya ikapiga nyimbo mbili bila kukatika. Katika wa tatu nikasikia harufu ya transfoma inayoungua. Kabla sijafika kwenye swichi, Kristofa alisogea kuimba kiitikio, gitaa mkononi, na midomo yake ikagusa maikrofoni, umeme ulioponyoka ukampitia kutoka kwenye kamba za gitaa. Akakakamaa. Akainua kichwa, mwili ukatetemeka na gitaa likalia sauti ndefu, na watu, mwanangu, watu wakapiga makofi. Walidhani ni madoido.

Nilimrukia nimvute, umeme ukanitupa. Vidole hivi viwili unavyoviona havikunjiki tangu siku hiyo. Mwingine ndiye aliyechomoa waya. Kristofa hakufika hospitali.

Matangani Sikazwe akaanza kunong'ona kuwa si bure, kuna mkono wa mtu. "Umeme gani unamchagua mmoja katikati ya umati?" Unawajua watu wetu. Siku ya pili macho yote yalikuwa kwa mama mdogo wa Kristofa, mjane, anayekaa peke yake. Vijana waliacha kumwamkia. Mama yule hakuwahi kushika hata redio. Na mimi nilijua, nikakaa kimya na mkono wangu uliofungwa bandeji.

Mzee Tadei aliporudi kutoka Mwimbi alikwenda kwanza kuifungua amplifaya. Kisha akaja msibani, akaniita nyuma ya nyumba, akafungua kiganja. Ilikuwa ile karatasi ya sigara, imeungua.

"Wewe umelima na ng'ombe," akasema. "Maksai akizidiwa hufanya nini?"

"Hulala kwenye mtaro, mzee."

"Huyu wenu alilala mara mbili."

Angenipiga ningeshukuru.

Nikarudi mbele ya watu, nikasimama, nikasema. Nilisema valvu, nilisema skrubu, nilisema karatasi na aliyeiweka na aliyemshikia kifuniko. Nilikuwa nikigugumiza kama mtoto. Mama yake Kristofa hakunitazama. Alimgeukia mdogo wake, yule mjane, akamwambia, "Njoo ukae karibu nami."

Gervas alikana, akaendelea kuuza. Sikazwe alihamia Mbeya, na nasikia siku hizi anaitwa kusuluhisha ndoa za watu. Haya, na asuluhishe. Mimi bado ninawataja, lakini sikuwahi kuwataja bila kuanza na jina langu.

Basi shika haya, mwanangu. Usikusanye wakali ukidhani utapata ukali. Valvu za nguvu zifunge mbili zinazolingana, uzipime, na usichojua kupima usikifunge. Fyuzi ikikatika imekuambia neno. Lisikilize hata ukumbi mzima ukikuzomea, maana kuzomewa huisha jioni ileile. Waya wa ardhi usikate. Na siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea, sema mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kosa humwachia mwingine alibebe.

Mungu akupe sikio la kuchagua na ulimi usioogopa kusema "ni mimi." Uzeeke ukiwa na vidole vyako vyote kumi, na wale unaopiga nao muziki wazeeke pembeni yako, wakikusumbua uongeze sauti.