Sori ya Dirishani

Karani wa mapokezi pale zahanati alikuwa na neno moja la Kiingereza, nalo alilifanyisha kazi kama punda wa kukodi. Akitaka umpishe njia, sori. Asiposikia jina lako, sori. Dawa zikiisha, sori, huku kucha zake nyekundu zikigongagonga meza. Ukifiwa ulipewa hiyo hiyo, ila aliivuta kidogo mwishoni kwa heshima ya marehemu. Kadi za wagonjwa alizipanga kwa ustadi wake mwenyewe: kila iliyofika aliiweka juu ya zilizotangulia, kisha akaanza kuita kutoka juu.

Siku hiyo bibi mmoja alikuwa amefika kabla dirisha halijafunguliwa, mjukuu akichemka homa mgongoni. Aliwaona waliomkuta wakiitwa mmoja mmoja, wakitibiwa, wakienda zao. Mara daktari akatoka na mkoba begani.

"Mwanangu, na mimi je?"

Karani akainua kadi iliyobaki mezani, ile ya chini kabisa. Akaitazama, akamtazama bibi. Kucha zikanyamaza. Bibi akaingoja ile sori, maana leo angalau ilikuwa imepata kazi yake halali. Karani akachomoka mbio, akamwahi daktari mlangoni.

"Sori, dokta! Sori sana, amebaki mmoja."

Daktari akageuka, akarudi chumbani. Karani akamshikia bibi mlango, akamshika bega kwa upole wote wa kazi yake.

"Siku nyingine uwahi, bibi."